Kukosa

Kitenzi kukosa kina maana zinazokaa pamoja kama ndugu wasiofanana. Aliyetupa mshale ukapita kando ya shabaha amekosa. Aliyekwenda sokoni akarudi bila chumvi amekosa. Na aliyemtendea mwenzake au Mungu wake lisilo haki, naye pia amekosa. Nomino itokanayo na kitenzi hiki ni kosa, na wingi wake ni yale makosa tunayoyaombea msamaha. Zipo lugha zenye maneno matatu kwa mambo haya matatu. Sisi tunalo moja, na wenye kuipenda lugha hii tunajua kuwa neno la namna hiyo laweza kuwa hazina, tena laweza kuwa mtego.

Mimi na mke wangu tumeoana kwa miaka 11, na tumekosa mtoto. Nasema hivyo kwa maana ya pili, ile ya chumvi. Lakini hapa kwetu Karatu sentensi hiyo ikishatoka kinywani huanza kusikika kwa maana ya tatu. Shangazi yangu, mwanamke wa sala anayenipenda, alinishika mkono siku moja baada ya ibada akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mmemkosea nini Mungu?" Hakuwa na ubaya. Lugha yenyewe ilikuwa imemwandalia swali, kwamba waliokosa bila shaka wamekosa. Tangu siku hiyo, kila tulipoungama kanisani, nilimsikia mke wangu akishusha sauti alipolifikia neno hilo.

Kazi yangu ni kuongoza wageni. Juma hili nawapandisha Ngorongoro. Juma lijalo nawateremsha Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kupitia mashamba ya vitunguu hadi kwenye vichaka wanakoishi Wahadzabe. Ni watu wachache, waliozidi elfu moja kidogo tu, na lugha yao haina ndugu anayejulikana: si ya Kikushi kama Kiiraqw chetu, wala si ya Kibantu. Wapo miongoni mwao ambao hadi leo huishi kwa upinde, mizizi, ubuyu, matunda ya porini na asali. Vichwa vya mishale huvipata kwa wahunzi wa Kidatoga. Sumu ya mshale wa mnyama mkubwa huitengeneza wenyewe kwa utomvu wa mimea.

Wageni wangu hutarajia kuona windo likianguka. Ukweli wa uwindaji ni mwingine. Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti miongoni mwa Wahadzabe katika miaka ya 1980, walihesabu siku za kuwinda na wanyama wakubwa walioletwa kambini. Kwa wastani mwindaji mmoja alipata mnyama mkubwa takriban siku moja kati ya 30. Siku nyingine zote alirudi bila mnyama wa namna hiyo. Kwa mwindaji, basi, kukosa ndiyo kazi ya kila siku, na kupata ni sikukuu.

Jioni moja nilikuwa kambini pale mwindaji wa makamo aliporudi. Aliegemeza upinde wake mtini, akatuambia kwa Kiswahili, kwa ajili yetu wageni: "Leo nimekosa." Nilitega sikio nisikie aibu katika sauti yake, nisiisikie. Mama mmoja alichomoa mizizi kwenye majivu ya moto, akamsogezea. Kijana aliyekuwa amepata digidigi akampa kipande cha nyama. Akala. Hakuna aliyemuuliza amefanya nini hata mshale usifike. Nyama ya mnyama mkubwa nayo huenda hivyo hivyo: ikishaletwa ni ya kambi nzima, isipokuwa sehemu chache wanazotengewa wanaume waliokwisha kuingizwa katika siri za epeme. Asubuhi yake yule bwana aliupasha mshale moto, akaunyoosha kwa meno, akaondoka tena kana kwamba jana haikuwapo.

Nilipofika nyumbani nilifungua Mwanzo, sura ya 25. Esau, mtu hodari wa kuwinda, anatoka nyikani hali amechoka na njaa imemshika. Andiko halisemi kama siku ile alikosa windo, lakini aliye na nyama begani hana haja ya kuomba dengu za nduguye. Yakobo, badala ya kumgawia, anamuuzia, na bei yake ni haki ya mzaliwa wa kwanza. Nimesikia mahubiri mengi yakimlaumu Esau kwa kuidharau haki hiyo, na Waraka kwa Waebrania unamlaumu vivyo hivyo. Sina ugomvi nao. Ila bado sijamsikia mhubiri akiuliza habari za chungu. Katika kambi ile ya Mang'ola Esau angekula bure, na usiku ule angelala akiwa bado mzaliwa wa kwanza.

Huko juu Ngorongoro, katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959, binadamu hawindi. Kazi hiyo wameachiwa simba na fisi. Ukiteremka ndani ya kreta, yapata mita 600 chini ya ukingo, unaweza kumtazama simba jike akilala majanini saa nzima, akatambaa, akachomoka mbio, akakosa. Hukaa chini akihema. Pundamilia nao, baada ya muda si mrefu, huinamia majani tena. Zaburi ya 34, katika Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952, inawataja wana-simba wenye njaa kwa neno ambalo vijana wetu karibu wamelisahau: kutindikiwa. Yaani kuishiwa, kufikia mwisho wa kile ulichokuwa nacho. Neno hili halina lawama ndani yake. Mwana-simba aliyetindikiwa hajamkosea mtu.

Zaburi hiyo inaendelea kusema kuwa wamtafutao Bwana hawatapungukiwa na chochote kilicho chema. Kwa miaka mingi ahadi hiyo ilinichoma, maana tulimtafuta, na utoto wa mbao niliouchonga mwaka wa kwanza wa ndoa ulikuwa umejaa vumbi. Sasa naisoma nikiwa na jioni ile ya Mang'ola machoni. Mwindaji alikosa nyama, lakini hakukosa moto, wala chakula, wala nafasi yake katika duara la watu wake. Sidai kuwa hayo yanajaza pengo la mtoto. Nasema tu kwamba chema kilichoahidiwa huenda ni kikubwa kuliko windo tulilolifuata, na kwamba kanisa limepewa kuwa kambi ya namna hiyo.

Wanafunzi wa Yesu, katika Yohana 9, walipomwona kipofu tangu kuzaliwa waliuliza swali la shangazi yangu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa swali lenyewe. Na mwana mpotevu katika Luka 15 anarudi akiwa amekosa kwa maana zote mbili: tumbo tupu, na dhambi anayoiungama kwa kitenzi hiki hiki. Baba yake hamwachi hata amalize maneno aliyoyapanga. Anaagiza mavazi na karamu. Ikiwa aliyekosa kwa maana ya tatu alilishwa kabla ya kumaliza kuungama, sembuse aliyekosa kwa maana ya pili tu?

Nilimsimulia mke wangu haya yote, kisha nikamwandikia ubeti huu:

Mkosa hula na wote, motoni pale kambini,
Hataulizwa lolote, kakosea jambo gani,
Bwana atulisha sote, na mtupu mkononi,
Kukosa kusitukate, tuna nafasi mezani.

Aliusoma mara mbili, akasema kambini hakuna meza. Nikamjibu kuwa meza ni ya Luka. Akacheka, na kicheko chake katika jambo hili sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu.

Kwenu ninyi washairi na wapenzi wa lugha nina ombi moja. Katika lahaja zenu mna maneno ya kusema mtu hana bila kudokeza kwamba ana hatia. Kutindikiwa ni mojawapo. Kupungukiwa na kuhitaji ni mengine. Yatumieni katika tungo na katika mazungumzo, hasa mnapozungumza na jirani ambaye nyumba yake ni kimya.

Mtoto bado hatujapata. Jumapili tunaungama makosa yetu pamoja na wengine, nayo yapo ya kutosha, lakini hilo moja hatulihesabu tena.