Mstari wa Kukata na Mstari wa Kukunja



Katika tafakari ya juma hili tungependa kuwasimulia habari ya mashine ndogo, na kosa letu wenyewe lililojidhihirisha kwa sababu yake.

Mwaka jana, muda mfupi kabla ya Majilio, rafiki aishiye ng'ambo alituletea zawadi: mashine ya umeme ya kukatia karatasi, iliyoundwa kutumiwa nyumbani. Kwa umbo yafanana na printa, ila mahali pa wino pana wembe mdogo sana. Mashine za jinsi hiyo si ngeni kwetu, kwani mafundi wa mabango na stika za daladala wanazo kubwa zikatazo herufi kwa njia ile ile. Hizi ndogo za mezani zimeenea majumbani huko Marekani, hasa tangu Cricut ilipoingia sokoni mwaka 2006. Mtu huchora umbo kwenye kompyuta, hubandika karatasi ya manila juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi hafifu, kisha wembe huenda kushoto na kulia huku mkeka ukivutwa mbele na nyuma.

Tuliona mara moja kazi ya kuipa. Tangu Mtakatifu Fransisko wa Assisi alipoandaa pango la Noeli kule Greccio, Italia, mwaka 1223, Wakristo wa kila nchi wamelitengeneza kwa vitu vya kwao. Sisi hapa Mafiga hutumia mifuko ya saruji, ikafinyangwa na kupakwa rangi hata ikafanana na mwamba. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya mzee mmoja, katekista mstaafu, ambaye pia alikata vijumba vya maboksi kwa kisu chake kidogo. Mwaka huo tulitaka kijiji kizima cha karatasi, na milima ya Uluguru nyuma yake.

Tukamwambia, "Mzee, safari hii pumzika. Mashine itafanya."

Akajibu, "Haya, Baba," akachukua kofia yake akaondoka. Tulidhani tumemtendea wema, maana mikono yake siku hizi inatetemeka.

Tulianza na milima. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, na kilele cha Lupanga hupita mita 2,100. Tukaamua kila karatasi iwakilishe mita 100, basi zikahitajika karatasi 16, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake. Katikati ya kazi umeme ulikatika, karatasi moja ikaharibika, tukaanza upya. Hata hivyo kufikia jioni mlima ulisimama mezani, na watoto wakaonyeshana kwa vidole njia za kupandia. Tulijisifu.

Kesho yake tukaja kwenye nyumba. Tulichora kuta nne, paa, na ndimi ndogo za kupaka gundi, vyote katika kipande kimoja cha kukunjwa. Mashine ikakata kwa usafi wa ajabu, lakini tulipobandua karatasi kwenye mkeka, kila ukuta ulitoka peke yake, na ndimi zikadondoka sakafuni kama maganda. Mashine haikukosea. Tuliiambia kwamba mistari yote ni ya kukata, nayo ikatii. Milima ilifaulu kwa kuwa tabaka zake hazina mkunjo. Nyumba haisimami bila mkunjo.

Dominika iliyofuata nafasi ya mzee kanisani ilikuwa tupu. Kijana mmoja akatuambia, "Anasema kazi yake imekwisha." Alasiri tukaenda kwake, tukiwa na vile vipande ndani ya bahasha. Alivitazama kwa muda. Kisha akatwaa karatasi nzima, akageuza kisu chake, akapitisha mgongo wake juu ya mstari, taratibu. Karatasi ikakunjika bila kukatika.

"Baba," akasema, "mstari huu haukatwi. Huu hukunjwa. Ukiukata, ukuta unakosa pa kushikana na mwenzake."

Mzee alizungumzia karatasi tu, lakini neno lake lilitufikia mahali pengine. Tukamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kukata siwezi tena kama zamani. Kukunja naweza. Hamkuniuliza."

Ni kweli, hatukumwuliza. Tulimwonea huruma pasipo kuzungumza naye, na huruma ya namna hiyo humtoa mtu nje ya nyumba.

Tuliporudi kwenye kompyuta tukageuza mistari ya mikunjo kuwa ya vidoa, ili wembe uguse na kuruka. Mashine ikakata vijumba 20 kwa jioni moja. Kuvikunja kulichukua siku nne, watoto wakiizunguka meza na mzee akiwa katikati yao. Na pango alilifinyanga mwenyewe, kwa mifuko ya saruji kama siku zote.

Wapendwa, yako mambo yapasayo kukatwa. Dhambi haikunjwi, hukatwa. Lakini jambo jipya liingiapo katika familia, kazini au jumuiyani, sisi wenye haraka huona kila mstari kuwa wa kukata: mzee aliyepungua nguvu, ndugu mzito wa kuelewa, jirani tuliyepishana naye maneno. Kabla ya kushusha wembe, tumwulize mhusika.

Wazee wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu, nasi twakaa mahali paitwapo Mafiga. Mashine ni figa moja, mikono ya watoto ni la pili. Tulikuwa karibu kuliondoa la tatu.

Tunawatakieni Dominika njema.