Barua kutoka Leeds: Ubingwa gani, mjomba?



Huku ni saa kumi jioni na giza limeshaingia. Nimetoka zamu, nimepasha kiporo cha wali, na kabla sijaketi simu imelia. Ni ujumbe wa sauti wa mpwa wangu, yupo mwaka wa nne wa udaktari pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kapanga chumba Ng'hong'hona. Nyuma ya sauti yake nasikia upepo wetu ule ukigonga bati.

"Shikamoo mjomba. Samahani kwa usumbufu. Hivi kati ya radiolojia na ngozi, kipi kinalipa zaidi huko Ulaya? Maana zamu za usiku mimi siziwezi."

Nilicheka peke yangu. Baadaye nikakumbuka kwamba nimeulizwa swali hilo na vijana wengi, na wazazi wao pia, kwa hiyo namjibu hapa hadharani.

Tuanze na hesabu, maana ndugu zetu wengi wanadhani kijana akishavaa joho kazi imekwisha. Ukitoka kidato cha sita na PCB yako, shahada ni miaka mitano: ya mwanzo ni anatomia, biokemia na kukariri hadi usiku wa manane, inayofuata ni kuzunguka wodi. Kisha mwaka mmoja wa utarajali, unapopitishwa kwenye idara kubwa za hospitali kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijakupa usajili kamili. Hapo wewe ni daktari, bingwa bado. Ubingwa, yaani MMed, ni miaka mingine mitatu au minne. Anayetaka kubobea, tuseme kwenye figo au moyo, huongeza kama miwili tena. Jumla inavuka miaka kumi, na sijagusa miaka ya kusubiri ajira na kutafuta mfadhili.

Zamani safari hiyo ilimaanisha kuhama Dodoma. Siku hizi Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015 jirani kabisa na anapolala mpwa wangu, inapandikiza figo tangu 2018. Hiyo ngozi anayoitaka ina kituo chake cha mafunzo Moshi, pale KCMC, kilichoanza 1992 na kufundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Katika jua la kwetu, ambako mtu mwenye ualbino anaweza kupata saratani ya ngozi akiwa bado kijana, daktari wa ngozi hakosi kazi. Kwa hiyo sina ugomvi na ngozi wala radiolojia. Ugomvi wangu ni na neno "kinalipa".

Njia ya huku nayo ina milima yake. Daktari aliyesomea kwetu hufanya kwanza mtihani wa Kiingereza, kisha ule uitwao PLAB, sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 180 kwa saa tatu. Ya pili inafanyikia Manchester: unaingia vituo 16, kila kimoja dakika nane, na wagonjwa wengi ni waigizaji. Mwigizaji mmoja alinililia machozi ya kweli kabisa. Kengele ilipogonga akajifuta, akamngoja anayefuata. Ukifaulu unasajiliwa, halafu unaanza kugombania nafasi ya ubingwa na maelfu ya wenzako kutoka dunia nzima. Wa magonjwa ya akili, niliouchagua mimi, ni miaka sita: mitatu ya msingi na mitatu ya juu. Tena hakuna anayekuita. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, na waajiri wa Uingereza wamekatazwa kwenda kuchota watu katika nchi hizo. Ukija, umekuja kwa hiari yako na kwa nauli yako.

Sasa, kwa nini akili?

Mnajua wenyewe kwamba kwetu Mirembe ni jina la hospitali na ni tusi pia. Mtoto akicheka peke yake, wenzake wanasema huyu wa Mirembe. Ukiwa Dar ukasema umetoka Dodoma, atakosekana wa kukuuliza kama umetoroka? Kumbe kwa Waganda neno mirembe maana yake ni amani. Hospitali hiyo ipo tangu enzi za Mwingereza na leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Bado niliposema nyumbani kwamba nataka kusomea akili, mama alinyamaza, na baba mdogo akauliza: "Umesoma miaka yote hiyo ukakae na vichaa?"

Sikuwa na jibu la kumpa, ila nilikuwa na kisa.

Nikiwa tarajali katika hospitali moja ya mkoani kwetu, vijana wawili walimleta mama yao mzee kutoka kijijini. Siku tatu hali, hasemi. Nikampima malaria, hana. Sukari iko sawa, presha iko sawa. Nikamuuliza maswali yangu yote kwa Kiswahili fasaha, akawa ananitazama tu. Nikaandika kwenye faili, kwa Kiingereza, kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano, na kwamba apelekwe Mirembe kwa uchunguzi. Mwanawe mkubwa alipolisikia jina hilo alisimama. "Daktari, mama yangu si kichaa." Akaanza kukunja khanga za mama yake aondoke naye.

Nesi wa zamu ya usiku, Mgogo wa Chamwino, alimwomba asubiri kidogo. Akavuta stuli hadi kitandani, akamwamkia yule mama kwa Kigogo, akauliza habari za ng'ombe, za mvua, za uwele shambani. Majibu yakaanza kutoka, neno moja moja. Kama robo saa hivi baadaye, mama akasema kwamba siku tisa kabla walikuwa wamemzika mjukuu aliyemlea mwenyewe tangu ananyonya, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekaa akamuuliza habari zake. Asubuhi alikunywa uji.

Mimi nimezaliwa Dodoma. Bibi yangu yuko Mvumi. Kigogo changu kiliishia kwenye salamu, na salamu yenyewe nilimnyima yule mama kwa sababu nilikuwa na haraka. Laiti angefika Mirembe, huenda huko wangemwelewa mapema kuliko nilivyomwelewa mimi.

Huku nako nimerudia darasa. Mwaka wangu wa kwanza nilimhoji mzee mmoja wa hapa Yorkshire, mkulima, aliyefiwa na mke. Kila nilichomuuliza alijibu neno ambalo kwetu lingekuwa "si haba". Usingizi? Si haba. Chakula? Si haba. Nikajiandaa kumruhusu arudi nyumbani. Nesi, mzaliwa wa hapa, akanivuta pembeni: mzee wa huku akisema hivyo mara tatu, ujue yuko shimoni. Tulipomkalisha tena tukakuta ameshagawa mbwa wake na kuuza trekta. Alikuwa anajiandaa kufa.

Daktari wa mfupa ana picha ya eksirei, wa damu ana maabara. Wa akili ana mazungumzo, na mazungumzo yana lugha, yana heshima, yana namna ya kukaa. Yakikosewa, madhara yanaonekana. Takwimu za serikali ya Uingereza yenyewe zinaonyesha kwamba mtu mweusi huku analazwa kwa lazima, kwa Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, zaidi ya mara tatu ya mzungu. Sababu ni nyingi na watu wanabishana juu yake, lakini nikiwa wodini najua mojawapo: mtu hajaeleweka, na muda wa kumwelewa haukutolewa.

Ndiyo maana, mpwa wangu, kipimo cha mshahara nakiona kifupi. Mshahara wa huku ni mzuri ukiutamka kwa shilingi. Ukishalipa kodi ya serikali, kodi ya nyumba na bili ya kupasha nyumba joto, unabaki na wa kumtumia bibi kidogo, na simulizi. Jiulize ni maumivu gani unaweza kuyasikiliza miaka thelathini bila kuchoka, na mwenye maumivu hayo anaongea lugha gani. Ukiona ni picha za radiolojia, nenda kwa moyo mweupe. Hospitali zetu zinawahitaji. Ukiona ni akili, MMed ya Muhimbili ipo, na wagonjwa wako wapo hapo hapo, tena wengi. Mimi niliruka hatua hiyo nikawahi ndege. Leo nahoji wagonjwa kwa lugha niliyofundishwa darasani, na nesi bado ananivuta pembeni.

Kabla hujaamua, nifanyie jambo moja. Likizo hii usibaki mjini. Panda gari la Mvumi, kakae kwa bibi wiki mbili, uzime simu, umwache aongee Kigogo chake hadi achoke yeye. Ukirudi Ng'hong'hona, ndipo uniulize tena.

Mjomba wako,
Leeds.