Kofia ya Baridi: Nani Aivae Kwanza?



Huku kwetu Makete, mkoani Njombe, Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa umande ulioganda. Lakini kazi hazingoji jua. Ng'ombe lazima wakamuliwe. Watoto lazima waende shule.

Kazi yangu ya ubwana shamba hunipitisha njiani saa hizo. Jambo moja hunisikitisha. Baba anaota moto, amevaa mzula mzito wa sufu. Mtoto wake yuko nje na mbuzi, kichwa wazi, na masikio yanamwuma.

Wazee wengine huniambia, "Bwana shamba, mwache azoee." Wazee wangu, mwili wa mtoto ni mdogo. Hupoa upesi kuliko wa mtu mzima.

Wengine husema kuwa nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Hiyo si kweli. Kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu 1 tu kati ya 10 za mwili wake. Kwa hiyo usivae kofia ukaacha sweta. Lakini kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukikilinganisha na mwili wake. Yeye hupoteza joto jingi kichwani. Mama unayembeba kwenda shambani, mvike kofia, ila usimfunike pua. Mkirudi ndani penye joto, mvue, hasa anapolala.

Ukienda mnadani kununua kofia, fanya hivi:

1. Ivute chini. Lazima ifunike masikio yote mawili.

2. Iinue juu uitazame kwenye mwanga. Ukiona matundu mengi, ujue upepo nao utapita.

3. Shika uzi wake. Sufu hutunza joto hata ikipata unyevu kidogo. Pamba hunywa maji, nayo hukawia kukauka.

4. Isibane. Kofia inayobana itavuliwa na kutiwa mfukoni, na mfukoni haimsaidii mtu.

Kofia ya mtumba ni nzuri pia, lakini ifue kabla ya kuivaa. Usifue sufu kwa maji ya moto, maana itasinyaa. Ikilowa mvua, ianike ikauke kabla ya kuvaliwa tena. Tena, watoto wasiazimane kofia. Mapunye huambukizwa kwa njia hiyo.

Labda utasema, "Fedha niliyo nayo inatosha kofia moja tu. Nimnunulie nani?" Swali hilo ni zuri. Usitazame nani mkubwa nyumbani. Tazama nani hutoka nje mapema na kurudi wa mwisho. Mara nyingi utakuta ni mtoto, au ni mama. Huyo ndiye apewe kofia kwanza.

Anayebaki nyumbani anao moto.