Malaba: Pombe Isiyopenda Haraka

Msafiri atokaye Tororo huuacha nyuma mwamba mkubwa wa mji huo, na baada ya mwendo mfupi hufika Malaba, mahali ambapo mto mdogo unazitenga Uganda na Kenya. Hapo malori yenye shehena ya Mombasa husimama katika foleni ndefu, na reli iendayo Kampala huvuka mpaka. Wengi huukumbuka mji huu kwa vumbi, mihuri na kungoja. Lakini Wateso, wenyeji wa pande zote mbili, wanajua kungoja kwingine kusikohusu karatasi: kungoja ajono, pombe ya wimbi, ikomae.

Wanywaji wa Ulaya huisifu divai nyekundu iliyolazwa miaka mingi. Divai changa huwa na ukakasi utokao katika maganda na mbegu za zabibu. Kadiri miaka ipitavyo, ukakasi huo hushikamana na rangi na kutua chini kama masimbi. Divai hulainika, na rangi ya zambarau huelekea ile ya matofali. Chupa hulazwa ili kizibo kisikauke na kuruhusu hewa nyingi kuingia. Hata hivyo, si kila divai istahiliyo kuwekwa. Zilizo nyingi hunywewa mapema, kwa kuwa uzee huzidhoofisha.

Ajono nayo ina ukomavu wake, ila muda wake hauwekwi ndani ya kinywaji, bali ndani ya unga. Wimbi, ambalo wengine huliita ulezi, husagwa na kukandwa kwa maji, kisha kinyunga hicho hufunikwa kwa muda wa wiki moja hivi mpaka kichachuke. Baadaye hukaangwa juu ya moto katika chombo kipana hadi kiwe na rangi ya kahawia, kisha huanikwa juani. Kikiisha kukauka vema, huweza kuwekwa akiba kwa muda mrefu bila kuharibika.

Hapo ndipo lilipo jambo linalozigusa nyumba za askari. Mama mwenye mwana jeshini au katika polisi hajui likizo itatolewa lini. Hawezi kumwekea pombe, lakini aweza kumwekea ule unga mkavu. Habari ya safari ifikapo, huuchanganya na maji na kimea cha wimbi lililooteshwa, akautia chunguni. Siku chache tu baadaye pombe huwa tayari, na mwana huikuta nyumbani.

Kuijua siku yenyewe ndio ustadi. Pombe ikiwahiwa huwa tamu na nzito. Ikicheleweshwa huwa kali kama siki. Mpishi mzoefu huinamisha sikio kusikiliza povu, hunusa, kisha huonja kidogo. Iliyoiva barabara huwa na uchachu wa kadiri na harufu ya moshi wa kukaangia. Huongezwa maji ya moto, na wanywaji huketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani. Maji huongezwa tena na tena, na ladha hufifia taratibu kadiri mazungumzo yanavyonoga.

Mtungi huo una adabu zake. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, wala mtu hapulizi ndani. Tena ajono si ya ulevi tu. Kwa desturi, mtoto mchanga apewapo jina la wahenga, bibi huchovya kidole katika pombe na kukitia kinywani mwake. Akinyonya, jina limekubaliwa.

Desturi hiyo ni ya kale kuliko mpaka. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na jamaa za ukoo mmoja wakawa raia wa nchi mbili. Mtungi nao ukawa na sheria mbili: upande wa Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamtaka muuzaji awe na leseni. Mama avukaye daraja kwenda kwa dada yake hana budi kulijua hilo.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni haraka. Wateja wa njiani hawana subira, na muuzaji hushawishika kupunguza siku za kuchachusha. Akifanya hivyo hupata fedha za leo, lakini hupoteza jina alilorithi kwa mama yake, na ada za shule za watoto wake hulipwa kwa jina hilo.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Wapishi wa Malaba huijua na nusu ya pili: kilichokwisha kuiva nacho hakimngoji mtu.