ALIZUSHIWA MIMBA, KUMBE CHINI YA DERA KULIKUWA NA MFUKO WA CHOO

Mjini hapa umbea hauchelewi. MC mmoja wa kichen pati, wale ambao bila wao shughuli hainogi, alipoanza kutokea kwenye kumbi za Sinza na Tabata na madera mapana badala ya magauni yake ya kubana, watu wakapiga hesabu fasta: mimba. Wengine wakataja hadi baba.

Ukweli wenyewe haukuwa wa kuposti. Ilianza na homa aliyokuwa anaitibu kwa vidonge vya duka la dawa, wiki ya pili tumbo likakaza kama ubao. Hospitali wakamwambia taifodi imeshatoboa utumbo mwembamba, uchafu umemwagika ndani. Akapasuliwa usiku huohuo. Alipozinduka alikuta upande wa kulia wa tumbo kipande cha utumbo chekundu kimechomoza nje kama kidomo, juu yake umebandikwa mfuko. Ndiyo stoma hiyo. Choo kinapita hapo na hakuna msuli wa kukibana, kikija kimekuja.

Aliambiwa ni ya muda, baada ya miezi kadhaa utumbo utarudishwa ndani. Neno "ya muda" alilishika. Mengine yote aliyoelekezwa hayakuingia.

Ngozi ndiyo iliyoanza kumtesa. Choo cha utumbo mwembamba ni majimaji na bado kina kemikali za kusaga chakula, kikigusa ngozi kinaila. Tundu la mfuko linatakiwa liizidi stoma milimita mbili tatu tu, na stoma yenyewe hunywea wiki za mwanzo. Yeye aliendelea kukata kwa kipimo kilekile alichotoka nacho wodini. Pakawa pekundu, pakachubuka, mfuko ukawa haushiki. Na mifuko ni pesa jamani, akawa anaufua na kuubandika tena kwa plasta. Mama yake alikuwa anaamka alfajiri kufua mashuka kabla wapangaji wenzao hawajatoka nje.

Mchumba? Alishaondoka mapema, huyo hana haja ya kurefushiwa stori.

Kazini dada akagundua ujanja wake. Siku ya shughuli hali, hanywi, tangu asubuhi, ili mfuko usijae. Uvumi wa mimba nao ukamsaidia, na hapa ndipo inapouma: aliona afadhali watu waamini uongo ule kuliko wajue kilichoko chini ya dera. Akawa anashika tumbo kwa mkono mmoja, mkono mwingine maiki, ukumbi unapiga vigelegele.

Kumbe mwenye stoma ya utumbo mwembamba anapoteza maji na chumvi kutwa nzima, ale asile. Wiki moja choo kikazidi, mfuko anaumwaga kila baada ya muda mfupi, kiu haikati. Akawa anagida maji matupu jagi kwa jagi, na ndivyo hali ilivyozidi kuwa mbaya. Miguu ikabana misuli, mkojo ukawa rangi ya chai ya mkandaa. Jumamosi moja akadondoka nyuma ya jukwaa. Kuna mtu akaona la maana ni kutoa simu na kurekodi. Video ikazunguka: "Mimba imemshinda."

Figo zilikuwa zimeanza kushindwa kazi. Alilala na dripu siku nne, na aliyemfungua macho ni muuguzi wa makamo.

"Mwanangu, maji matupu yanakutoa hata ile chumvi iliyobaki. Chukua ORS, kunywa kidogokidogo, kutwa. Na mfuko umwage ukifika theluthi, usisubiri ulemee."

Akampima stoma upya kwa karatasi, akamkatia tundu mbele ya macho yake. Ndani ya wiki mbili ngozi ikafunga.

Mwezi wa tano utumbo ukarudishwa ndani. Baada ya hapo wodi nzima ikawa inasubiri kitu kimoja, maana madaktari wanataka wajue utumbo umeamka: "Dada, umejamba?" Siku ya tatu ikasikika, na mama yake akapiga kigelegele ambacho hakuna harusi iliyowahi kukipata. Yaliyofuata hayakuwa bata lakini. Wiki za mwanzo alikuwa anakimbilia chooni mara nane, tisa kwa siku, huko nyuma panawaka moto.

Kumbini amerudi. Bado kuna wanaomuuliza mtoto yuko wapi, na siku hizi anawajibu ukweli kwa sauti yake ileile ya maiki. Wengi hubadilisha mada wenyewe.

Mifuko iliyobaki alimpelekea kijana mmoja aliyepata ajali ya bodaboda, naye kawekewa stoma. Alimwonyesha jinsi ya kupima kila wiki. Kijana alikuwa na swali moja tu: mahindi ya kuchoma lini? Akamwambia wiki sita za mwanzo ayasahau, na karanga pia, yanaziba.