Chozi wa Shinyanga na Nchi ya Dhahabu

Katika safari zetu tulifika Shinyanga wakati wa kiangazi, nchi imekauka na vumbi limeifunika migunga. Tulipoketi kivulini pembeni mwa kijiji, alitua juu ya mshubiri uliochanua ndege mdogo mweusi kama masizi, na kifuani mwake mna wekundu kama kaa la moto. Huyo ndiye chozi kidari-chekundu.

Urefu wake ni sentimita 15 hivi. Mdomo wake umepinda kama shazia, na kwa ulimi wake mwembamba hunywa asali ya maua. Utosi wake na koo hung'aa kijani. Lakini kijani hicho si rangi iliyotiwa katika unyoya, bali ni mwanga unaochezwa na umbo la unyoya wenyewe. Jua likimwacha, huonekana mweusi mtupu.

Jike hana pambo hilo, naye ndiye ajengaye nyumba. Hufuma mfuko wa nyasi na majani makavu, akaufunga kwa utando wa buibui, akautandika ndani kwa manyoya na sufi. Hutaga kwa kawaida mayai mawili, akayaatamia kwa muda wa wiki mbili hivi. Makinda hulishwa wadudu na buibui, kwani asali peke yake haijengi mwili.

Wala chozi hali bure. Akiingiza mdomo katika ua hupakwa unga wake, akaupeleka kwenye ua jingine, na mmea ukapata kuzaa. Mtu mmoja aliyelichunguza jambo hili ni Mwingereza C. F. M. Swynnerton, aliyechapisha mwaka 1916 makala juu ya ndege wanaotoboa ua ubavuni wakanywa asali pasipo kulipa. Ajabu ni kwamba bwana huyo huyo ndiye aliyeongoza kutoka Shinyanga vita vya kumpiga mbung'o, hata alipofariki katika ajali ya eropleni mwaka 1938. Vichaka vingi vilifyekwa ili mbung'o akose makao, maana huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kisha mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikaendelea kuimaliza miti, hata ilipofika miaka ya 1980 watu wakahofu Shinyanga itakuwa jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Haikuleta hekima ngeni. Iliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili, desturi ya wazee wao ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, ili mifugo ipate majani wakati wa ukame. Hekta 600 hivi zilizojulikana mwaka ule zilizidi 300,000 mwanzoni mwa karne hii, na humo wachunguzi wameandika aina 145 za ndege.

Kutoka hapo tulipita Kahama na Kakola hadi Geita, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulifunguliwa mwaka 2000, na wachimbaji wadogo ni wengi. Huko mti huanguka upesi: magogo ya kuegemeza mashimo, na mkaa wa kupikia. Hatuwalaumu watafutao riziki ya halali. Lakini nyuma ya nyumba ya mchimbaji mmoja tuliona kiota cha chozi kikining'inia karibu na dirisha, na mama mwenye nyumba amewakataza watoto wasikiguse. Tulipomwuliza sababu, alijibu, "Mgeni aliyekuja mwenyewe hafukuzwi."

Basi enyi vijana, wekeni chini manati. Kumwua kiumbe kwa mchezo ni jambo lililokatazwa katika dini yetu, na anayemwua chozi hukata pia uzazi wa maua. Nanyi wazazi, acheni mti mmoja ukue uani. Dhahabu ikishachimbwa hairudi. Lakini ngitili zimetuonyesha kwamba mti ukiachwa hurudi, na ndege wake hurudi pamoja nao.