Mashine ya Kukatia Nyasi na Mkate wa Jirani



Masika yanapokuwa mema, nyasi hazingoji mkutano wa kamati. Eneo la nyasi la parokia yetu, tangu lango kuu hadi groto ya Mama Maria, pamoja na uwanja wa watoto na makaburi, ni karibu ekari 2. Halmashauri ya Walei ilipoketi mwezi uliopita, hoja moja ilichukua saa mbili nzima: je, tununue mashine ya kukatia nyasi, ile ambayo mtu huiendesha akiwa ameketi kama juu ya trekta dogo? Tumeona vema tutafakari pamoja juu ya jambo hili, kwa kuwa baadhi yenu mmejenga kwenye viwanja vikubwa na mnajiuliza swali hilohilo, na kwa kuwa ndani ya swali hili limo jingine lililo zito zaidi.

Tuanze na hesabu. Katika Injili ya Luka (14:28-30) Bwana wetu anatueleza juu ya mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kupiga gharama, asije akachekwa akiishia kwenye msingi. Sheria ya Kanisa nayo, katika Kanuni ya 1284, yawataka wasimamizi wa mali za Kanisa kuwa na uangalifu wa baba mwema wa nyumba. Baba wa namna hiyo haulizi tu, "Yauzwa kiasi gani?" Huuliza pia, "Ikiharibika, nani ataitengeneza, na kipuri kitatoka wapi?"

Tulimwita fundi mmoja mzoefu, naye akatufumbua macho. Kwanza, ukubwa wa eneo. Ua usiofika nusu ekari hauhitaji mashine ya kuketi. Ile ya kusukuma yatosha. Kwa eneo kama letu, yenye upana wa kukata wa inchi 42, yaani sentimita 107 hivi, yafaa, mradi ipite kwenye lango na kati ya miti. Pili, gia. Zipo za kubadili kwa mkono, rahisi kutengeneza. Zipo pia zinazotumia mgandamizo wa mafuta, ambazo ni laini kwa mwendeshaji anayezunguka miti mingi, lakini zikifa ni ghali. Tatu, sahani ya chuma inayofunika visu: iwe nene, kwa maana hapo ndipo kutu huanzia nyasi mbichi zikiachwa zimegandamana. Nne, na hili alilirudia, vipuri. Mkanda, chujio la hewa, plagi na visu ni vitu vinavyochakaa. Ikiwa havipatikani mjini, mashine nzuri kuliko zote itageuka kiota cha kuku.

Akaongeza kwamba uimara haununuliwi dukani peke yake. Oili hubadilishwa kila baada ya saa 50 za kazi au walau mara moja kwa mwaka. Chujio la hewa hukaguliwa mara nyingi zaidi wakati wa vumbi. Visu hunolewa, kwani kisu butu hurarua jani badala ya kulikata. Mashine ya kuketi hupanda na kushuka mteremko, haikati kwa ubavu, na mteremko unaozidi nyuzi 15 huachwa kwa fyekeo. Mawe huokotwa kwanza, maana kisu hulirusha jiwe kama risasi. Wazazi, tunawasihi: mtoto asipakatwe kamwe juu ya mashine hiyo, hata kwa mchezo.

Hadi hapo mkutano ulikuwa mwepesi. Kisha mama mmoja, mjumbe wa jumuiya ndogondogo, akasimama akauliza, "Na wale vijana watatu, Baba?" Kimya kikatanda. Ni kweli, ndugu zangu: nyasi za parokia hukatwa na vijana watatu kwa mafyekeo, na malipo yao, madogo kama yalivyo, yanalisha nyumba tatu. Mashine yahitaji mwendeshaji mmoja.

Kanisa halina uadui na mashine. Yohane Paulo II, katika waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, aliitambua teknolojia kuwa msaidizi wa mfanyakazi, lakini akaonya kwamba yaweza pia kugeuka mpinzani wake. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika *Laudato Si'* ya mwaka 2015, alifundisha kwamba haifai kuwaondoa watu kazini kwa ajili ya faida ya haraka tu. Kwa hiyo jembe la chuma si dhambi, wala trekta si dhambi. Swali ni moja: tunapookoa fedha, tunaiokoa kutoka kwenye sahani ya nani?

Halmashauri imeamua hivi. Mashine itanunuliwa, ile ambayo vipuri vyake vipo mjini, hata kama si ya kung'aa kuliko nyingine. Kijana mmoja ataiendesha. Wa pili atabaki na fyekeo kwa ajili ya makaburi, miteremko na kandokando ya miti, mahali ambapo mashine haifiki. Wa tatu atajifunza ufundi kwa yule fundi, na parokia itaendelea kumlipa hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo hatujui. Fedha ya mwaka ujao haijatimia, na hatupendi kuwapamba kwa maneno: ni nyinyi, kwa zaka na sadaka zenu, mtakaoamua kama ahadi hii itasimama.

Nawe unayepanga kununua mashine kwa ajili ya ua wa nyumba yako, pima ua, uliza vipuri, mtafute fundi. Kisha umkumbuke kwa jina yule aliyekuwa akikukatia nyasi hadi jana, ukaketi naye uzungumze kabla mashine haijafika. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi atuombee.

Mungu awabariki nyote. Tukutane Dominika katika Misa Takatifu.